Ndege Aliowaona Baba

Tope la majira ya baridi lina harufu yake, nayo si ile ya tope la masika ambayo wazazi wangu walikuwa wakiisifu kila walipokumbuka nyumbani. Hili hunuka chuma kilicholoa, nyasi zilizolala majini tangu kiangazi, na kwa mbali, yai la kuchemsha lililosahaulika kwenye mfuko wa shule. Nililizoea mwaka 2018, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, katika hifadhi moja ya ardhi oevu iliyo magharibi ya Katy, mji ulio nje ya Houston, Texas, pale nyumba mpya zilipokuwa zikikoma na mashamba ya zamani ya mpunga yakianza. Kila Jumamosi kuanzia Novemba baba alituamsha mimi na mdogo wangu Idrisa, akatuvika makoti mawili mawili, akamimina chai ya maziwa kwenye chupa, tukaondoka jua likiwa limeshapanda vizuri. Mama hakuja nasi. Alikuwa muuguzi katika nyumba ya kulea wazee, na Jumamosi ndiyo iliyokuwa zamu yake ndefu. "Nendeni mkawaangalie hao kuku wenu," alikuwa akisema huku akifunga kamba za viatu vyake vyeupe. "Mimi nina wazee wangu."

Tulikuwa wageni Katy. Kabla ya hapo tulipanga nyumba ya chini katika jengo la ghorofa huko Stafford, mpaka kimbunga cha mwaka uliotangulia kilipoingiza maji sebuleni kwetu, yakapanda hadi kwenye droo za kabati, yakashuka na kutuachia ukuta wenye mstari wa kahawia kama kikombe kisichooshwa. Baba alikuwa mhandisi wa mabomba ya maji, ofisi yake ikiwa katikati ya Houston, na kuhamia Katy kulimwongezea safari ndefu ya barabara kuu kila siku. Hakulalamika. Alisema nyumba yetu mpya iko juu ya mwinuko, na kwamba jirani yetu wa nyuma ni bwawa. Bwawa lile lilikuwa shimo tu la kukusanyia maji ya mvua ya mtaa, lakini asubuhi moja akaona yangeyange amesimama ukingoni kwa mguu mmoja, na tangu hapo akaanza kuuliza watu wa ofisini wapi mtu anaweza kwenda kuona ndege.

Alikulia Singida, mji wenye maziwa ya chumvi yanayopakana na makazi ya watu, ambako heroe hutua wengi hata maji yakaonekana ya waridi. Alikuwa akitusimulia kwamba utotoni walikwenda kuwatazama kama watoto wengine wanavyokwenda kutazama mpira. Mimi nilizaliwa Houston, Idrisa vilevile, na Singida kwetu ilikuwa sauti ya shangazi kwenye simu. Nadhani ndiyo sababu baba alitubebesha majina ya ndege kama urithi. Alikuwa na darubini moja tu, nyeusi, nzito, yenye mkanda uliochakaa, na sheria yake ilikuwa kwamba anayetaka kuishika lazima kwanza amtaje ndege kwa Kiswahili. Tukimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea, alijifanya kiziwi.

"Yule mwenye shingo iliyokunjika ni nani?" aliuliza.

Idrisa, ambaye alikuwa na miaka sita, alijibu kwa Kiingereza. Baba akaendelea kutazama maji.

"Kulastara," Idrisa akasema mwishoni, kwa unyonge wa mtu aliyeshindwa kesi.

"Ahsante. Chukua."

Kwa njia hiyo tulimjua mwari na mnandi, kukuziwa mwenye mdomo mweupe, furukombe aliyekaa juu ya nguzo ya umeme na samaki chini ya makucha. Tulimjua domomwiko, ndege wa rangi ya waridi mwenye mdomo kama mwiko wa kusongea ugali, ambaye baba alimpenda kuliko wote kwa sababu, alisema, ni binamu wa kienyeji wa heroe. Hakuwa binamu hata kidogo. Bi Marlene alimwambia hivyo. Bi Marlene alikuwa mama mzee wa Kizungu aliyejitolea kuwatembeza wageni pale hifadhini siku za Jumamosi, mwenye viatu vya mpira vya kijani na sauti ya mwalimu mstaafu. Baba alimsikiliza kwa adabu, akakubali, na Jumamosi iliyofuata akarudia tena habari za ubinamu.

Mambo yalianza kunishangaza polepole. Baba aliweza kumwona kipanga aliyekaa juu ya mti ng'ambo ya ziwa, akatueleza hadi mistari ya kifua chake, kisha akageuka na kujigonga goti kwenye benchi lililokuwa pale pale tangu tufike. Aliikanyaga chupa ya chai ya Bi Marlene mara mbili katika asubuhi moja. Nikimpa kikombe kutoka upande wa kushoto hakukipokea mpaka niseme, "Baba, chai." Na hakuwa anamtafuta ndege kwa macho, alisubiri mmoja wetu amwelekeze, juu ya tete lile refu, chini ya tawi lililovunjika, ndipo anyanyue darubini na kumpata. Nyumbani mama alikuwa akicheka kila baba alipoangusha glasi. "Baba yenu anatembea kama ngamia dukani," alisema, na baba alicheka pia, akiokota vipande kwa kupapasa.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mtoto hatazami mawingu, hutazama mchezo wake. Niliona kwamba baba ameanza kutoka kwenda ofisini baada ya jua kuchomoza, na kurudi kabla halijazama, naye akawa anatuambia foleni za jioni siku hizi hazivumiliki. Niliona kwamba jioni haendi tena msikitini mpaka apate wa kumpitia. Niliona kwamba kila Jumamosi, watu wengine walipokuwa wakiwasili na viti vyao vya kukunja kusubiri machweo, sisi tulikuwa tunaondoka. Bi Marlene alishangaa. Alituambia kwamba bata bukini weupe hushinda mashambani wakila, na jioni hurudi wote kulala juu ya maji, na kwamba kuondoka pale kabla ya machweo ni kama kutoka harusini kabla bibi harusi hajaingia. Idrisa alilia garini, akaendelea kulia juma zima, kama inavyowezekana kulia juma zima kwa ajili ya bata.

Mwezi Desemba, Jumamosi moja iliyofuata upepo mkali wa kaskazini, baba alikubali. Sikujua kwa nini siku ile na si nyingine. Anga lilikuwa safi, baridi kavu inayouma masikio, maji yametulia kama sahani. Baada ya alasiri baba alitandika koti lake juu ya mbao za jukwaa la kutazamia ndege, akasali, na alipomaliza hakulichukua koti, akabaki ameketi juu yake. Idrisa alimwendea.

"Baba, tubaki. Bi Marlene amesema watakuja maelfu."

Baba alilitazama jua, lililokuwa limebakisha kimo cha nyumba mbili tu juu ya miti. Akatazama ile njia ya mbao tuliyojia, nyembamba, isiyo na kingo, ikipita juu ya maji na matete mpaka kwenye maegesho ya magari.

"Haya," alisema. "Leo tubaki."

Kwanza tuliwasikia. Ilikuwa kama kelele za shule iliyofunguliwa mlango wakati wa mapumziko, mbali sana, upande wa mashambani. Halafu ukingo wa anga ukaanza kutikisika, ukageuka kuwa mistari, na mistari ikawa ndege, weupe wote isipokuwa ncha za mabawa zilizokuwa nyeusi kana kwamba zimechovywa wino. Walifika juu yetu wakaacha kupiga mabawa. Walianguka wakizungukazunguka kama majani makavu, wakijipindua, wakinyooka dakika ya mwisho na kugusa maji kwa miguu iliyotangulia mbele. Waliokuja nyuma walikuwa wengi kuliko waliotua. Idrisa alikuwa ameziba masikio kwa viganja na mdomo wake uko wazi.

"Niambieni wako wapi," baba alisema. Alikuwa amesimama, darubini ikining'inia kifuani, hajaigusa.

"Wako kila mahali, Baba."

Alinyanyua uso. Anga lilikuwa bado na rangi ya chungwa juu ya miti, na nilimwona akilipitisha jicho pale penye mwanga, akirudi, akipita tena, kama mtu anayesoma mstari mmoja mara nyingi. "Nawaona," alisema. Kisha akasema polepole zaidi, "Nawaona wale wa juu."

Jua lilipozama kiza hakikukawia. Huku Texas ya kusini hakuna machweo marefu ya majira ya joto wakati wa Desemba. Ukigeuka kufunga zipu, unakuta rangi imekwisha. Watu walikunja viti vyao wakaondoka wakizungumza kwa sauti ndogo, na baba aliwaacha wapite wote. Alisema tusubiri watu wapungue. Walipungua, wakaisha, na bado alikuwa amesimama akiwa ameshika mbao za ukuta wa jukwaa kwa mkono mmoja.

"Saida," aliniita. "Mshike Idrisa mkono. Mimi nitakushika bega."

Nilidhani ni mchezo wa treni. Tulishuka kwenye njia ile, mimi mbele nikimvuta Idrisa, mkono wa baba begani kwangu, mzito, ukizidi kuwa mzito kila hatua. Pembeni matete yalikuwa yakisuguana. Mimi niliziona mbao vizuri, zilikuwa za kijivu na maji ni meusi, nikaenda kwa mwendo wangu wa kawaida. Penye kona mkono ule ulitoka begani. Nilisikia kishindo, kisha maji. Nilipogeuka baba alikuwa nje ya njia, mguu mmoja umezama hadi juu ya goti, mwingine umekunjwa juu ya ubao, na mikono yake ilikuwa ikitafuta kitu hewani, upande ambao hakukuwa na kitu.

Nilimshika koti nikavuta. Hakusogea. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, nikiwa na miaka kumi na miwili na mwili wa miaka kumi, na mtu yule aliyekuwa akinibeba mabegani mwake hakusogea hata kidogo. Idrisa alianza kulia akisema kuna mamba. Ni kweli mamba walikuwapo katika maji yale, ingawa Bi Marlene alitufundisha kwamba wakati wa baridi hulala tu wasijishughulishe. Mafundisho yake yote yalinitoka.

"Usivute," baba alisema. Sauti yake ilikuwa ya utulivu, ile anayotumia akizungumza na wateja kwenye simu. "Utaanguka na wewe. Niambie tu mbao ziko wapi."

"Hapo."

"Hapo wapi, mama? Niambie. Kulia au kushoto?"

Nikakwama. Kulia na kushoto kwa Kiswahili yalikuwa maneno niliyoyachanganya siku zote, na wakati ule yote mawili yalikuwa yamepotea. Nilimwambia kwa Kiingereza. Safari hii hakujifanya kiziwi. Aliweka kiganja pale nilipomwambia, akapapasa ukingo, akaweka cha pili, akajitoa majini taratibu na kubaki amepiga magoti juu ya njia, akihema, suruali ikichuruzika tope. Sehemu iliyobaki aliipita hivyo hivyo, kwa magoti na viganja, Idrisa akiwa nyuma yake ameshika mkia wa koti, na mimi mbele nikimhesabia mbao kwa lugha mbili.

Garini aliketi kwenye usukani kama kawaida. Aliwasha injini, akawasha taa, akaitazama ile barabara ya changarawe iliyokuwa inatoka hifadhini. Taa ziliangaza nyasi na bango la onyo. Alikaa akitazama muda mrefu, mikono yake ikiwa imeshika usukani mahali panapofaa, kisha akazima taa, akazima injini. Nilimpigia mama simu, haikupokelewa. Kazini kwao simu huachwa kwenye makabati. Nilipiga tena na tena. Ndipo tochi ikatokea, na nyuma yake Bi Marlene, aliyekuwa amebaki ili kufunga lango.

Baba aliteremsha kioo akamwambia kwamba injini ina hitilafu ndogo, kwamba ameshaita mtu, asijali. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, cha ofisini. Bi Marlene aliangaza tochi kwenye suruali yake iliyoloa, akauliza kama ameumia. Baba akasema aliteleza. Nilikuwa nasikiliza kutoka kiti cha mbele kando yake, nimeishika simu, sijui nifanye nini na ule uongo. Mdogo wangu Idrisa ndiye aliyesema kutoka kiti cha nyuma, kwa Kiingereza chake kisicho na kona.

"Baba haoni."

Bi Marlene aliishusha tochi, ikamulika changarawe. Hakuna aliyemwambia Idrisa anyamaze. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kilikuwa maneno mawili ya mtoto aliyekuwa anataka kwenda nyumbani.

"Tangu lini?" aliuliza Bi Marlene.

Baba aliondoa mikono kwenye usukani akaiweka mapajani. "Usiku, tangu nilipokuwa kijana," alisema. "Lakini sasa hata mchana. Pembeni kunafungwa. Kunakuja hivi." Akaweka viganja pande mbili za uso wake na kuvisogeza mbele mpaka vikakaribiana. Mimi nilikuwa nayasikia yale kwa mara ya kwanza, pamoja na mgeni, kana kwamba na mimi nilikuwa nimepita tu kufunga lango.

Bi Marlene alitaka kutupeleka nyumbani. Baba alikataa kwa heshima, akakataa tena, mwishoni nikakumbuka namba ya Baba Ezekieli. Mke wake alikuwa mhudumu kule kule alikofanya kazi mama, na yeye alipakia mizigo katika ghala moja kubwa la Katy, si mbali na hifadhi. Walikuwa Wakongo wa Fizi, waliopitia kambi ya wakimbizi kabla ya kuletwa Texas. Nilimweleza ovyo ovyo, naye hakuuliza mengi.

"Mukae mu gari, mutoto," alisema. "Musitoke. Niko nakuja, ninamuomba chef wa kazi aniachilie."

Alishushwa langoni na mwenzake wa kazini, bado amevaa fulana yake yenye mistari inayong'aa. Baba alihamia kiti cha pembeni, mimi nikaenda nyuma kwa Idrisa, na Bi Marlene akatupungia tochi mpaka tukaingia barabarani. Njiani Baba Ezekieli aliongea peke yake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki huyo alikuwa na imani kubwa mno. "Haiko neno, Baba Saida," alisema. "Hapa Amerika wako na dawa ya kila kitu. Bibi yangu, mama ya Ezekieli, hakukuwa anaona, walimupasua jicho moja tu, sasa anasoma Biblia bila hata miwani. Watakupasua na wewe." Baba alisema inshallah. Taa za magari yaliyotoka upande wa pili zilimpiga usoni, na sikumwona akigeuza uso.

Mama alirudi akatukuta jikoni. Hakupiga kelele. Alimsikiliza baba mpaka mwisho, koti bado mwilini.

"Kwa hiyo ulijua kabla hujanioa."

"Nilijua ya usiku. Nilidhani itaishia hapo."

"Na watoto ukawaweka kwenye gari."

"Nilikuwa nikiendesha mchana tu, Mama Saida."

"Mchana wa Desemba ni mfupi," mama alisema, akauchukua ufunguo wa gari mezani, akaenda nao chumbani. Hakuurudisha tena.

Mwezi Januari tulikwenda wote kwa daktari wa macho. Kuna kipimo ambacho mtu huweka kidevu kwenye mashine kama bakuli kubwa jeupe, na kila aonapo kitone cha mwanga hubonyeza kitufe. Sisi tulikaa ukutani. Hatukuweza kuviona vile vitone, tulisikia kitufe tu. Kilisikika mara chache mwanzoni, kisha kikanyamaza, na mashine ikaendelea kunguruma, ikionyesha mianga kwa mtu ambaye hakuwa akiiona, na baba akiwa ameketi wima, kidole tayari, akingoja. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyewazoea wagonjwa, lakini wale walikuwa wa watu wengine.

Daktari alikuwa mpole. Alieleza kwamba utando wa ndani ya jicho unakufa kidogo kidogo, kwamba hakuna upasuaji wala miwani, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Aliuliza kama kuna mwingine katika familia. Baba akamtaja babu. Mimi nilijua kuwa babu wa Singida alikuwa kipofu, aliyetembea na fimbo na kushikwa mkono na wajukuu, lakini nilikuwa nimeambiwa ni vumbi na uzee, na mtaani kwao walisema ni mambo ya watu, kwamba amerogwa. Daktari akatutazama mimi na Idrisa. Alisema kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Idrisa alikuwa sakafuni akichezea tairi la kiti, na mama akamwita ghafla, akampakata, mtoto mkubwa namna ile.

Sehemu ya majira yale iliyobaki, mama alitupeleka hifadhini siku zake za mapumziko. Hakuwapenda ndege. Alikaa garini na joto limewashwa, akisoma simu au amelala mdomo wazi kwa uchovu, nasi watatu tukaenda kwenye njia ya mbao, sasa bila kujificha, mkono wa baba begani kwangu mchana kweupe. Nilijifunza kutaja kila kitu kabla hatujakifikia: ubao ulioinuka, benchi, kona. Nilijifunza kulia na kushoto. Bi Marlene alihamisha chupa yake ya chai mbali na njia yake. Baba hakutuuliza tena majina. Alikuwa na haraka, na haraka ile ilinitia huzuni kuliko kuanguka kwake. Alitaka kila ndege, mmoja mmoja, hata kukuziwa tuliokuwa tumewachoka, na mara nyingi tulipomwelekeza, ndege akaruka kabla jicho lake halijafika. "Ameondoka?" aliuliza. "Ameondoka, Baba." "Haya, tafuta mwingine."

Mchana mmoja wa Februari domomwiko alitua karibu kabisa, katika maji ya kina kifupi, akaanza kufagia kwa mdomo wake kulia na kushoto. Nilimgeuza baba kwa mabega yake mpaka nikahakikisha amempata. Alimtazama mpaka mikono ikaanza kutetemeka kwa uzito wa darubini, nami nikamshika viwiko vyake kwa chini. Nilitaka yule ndege asiruke. Sikuwahi kutaka kitu kwa nguvu namna ile, na hakuna kitu nilichoweza kufanya ili asiruke, isipokuwa kubana pumzi. Aliruka. Baba aliendelea kutazama pale pale alipokuwa. "Miguu yake ni myekundu," alisema. "Nilikuwa nimesahau."

Bata bukini waliondoka kurudi kaskazini siku ambayo hatukuwapo. Majira yaliyofuata tulikwenda mara chache, na mwaka 2020 ugonjwa ulipofunga dunia, hifadhi ikafungwa nayo. Baba akafanyia kazi mezani jikoni kama kila mtu, maandishi ya kompyuta yakizidi kukuzwa hadi neno moja likajaza skrini, na kwa kitambo kile hakuna mtu ofisini kwake aliyehitaji kujua kwamba hawezi kuendesha gari. Mama ndiye aliyekuwa akitoka kila siku kwenda kwa wazee wake waliokuwa wakifa. Kila mmoja wetu alikuwa na kitu cha kutazama bila kuweza kukizuia.

Sasa nina miaka ishirini na ninaendesha mwenyewe. Mashamba ya mpunga yaliyozunguka ile hifadhi yamejengwa mitaa yenye majina ya ndege ambao hawatui tena pale. Bata bukini bado hurudi, ila wamepungua, ukiwatazama unaona mahali kundi linapoishia. Bi Marlene amehamia kwa binti yake huko Irving, na wanaojitolea sasa ni vijana wanaotambua ndege kwa kuinua simu. Baba anatembea na fimbo nyeupe na kulumbana na kompyuta inayomsomea barua pepe. Kilichobaki katikati ya jicho lake anasema ni kama tundu la ufunguo, na kuna siku linafungwa. Sisi wawili tulipimwa damu mwaka juzi. Mimi sina ugonjwa huo. Idrisa anao. Ana miaka kumi na minne, na ameacha mazoezi ya mpira ya jioni akisema mpira umemchosha.

Utotoni niliamini kwamba kukosa la kufanya ni jambo la watoto, kama kutofikia rafu ya juu, na kwamba nikikua litapita. Nimekua. Ninajua jina la ugonjwa, ninasoma kila utafiti unaotangazwa, nina leseni, nina kazi, na rafu iko pale pale.

Januari hii niliwapeleka wote wawili hifadhini, tukabaki mpaka machweo. Tuliporudi kwenye gari kiza kilikuwa kimeanza. Baba nilimwingiza mbele, nikamfungia mkanda. Idrisa alikuwa amezunguka upande wa pili peke yake, akawa anatafuta kitasa cha mlango wa nyuma. Nilianza kwenda kumfungulia.

"Mwache, Saida," baba alisema. "Atakipata."

Nikasimama. Vidole vya mdogo wangu vilikuwa vikipapasa bati la mlango, juu kidogo ya kitasa, kisha chini yake.